Pazia la milioni tatu kwenye nyumba ya kupanga

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala. Kwetu ni Bombo, mume wangu kwao ni Arua, na nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili tangu tulipooana. Baba Shamim ni dereva wa lori. Anapeleka mizigo Elegu mpakani, na mara nyingi anaingia nyumbani alfajiri, analala mpaka adhuhuri na lesu (kanga) langu usoni kuzuia mwanga, halafu jioni anaondoka tena.

Mwaka huu tulihamia nyumba kubwa kuliko ile ya zamani. Kodi ni shilingi laki saba kwa mwezi. Tumeipenda, lakini madirisha yake ni marefu na mapazia tuliyokuja nayo yanaishia katikati ya kioo, kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Nimeyavumilia. Sasa Idi inakaribia, na mama mkwe anakuja kutoka Arua pamoja na wifi zangu wawili. Hawajawahi kuiona nyumba hii.

Jirani yangu Mama Joel ametundika mapazia mazito yenye shiya, lile pazia jepesi la kupitisha mwanga, ndani. Mgeni akiingia kwake anasifu pazia kabla hajasalimu. Nikamwomba namba ya duka aliponunua. Mwenye duka akaja mwenyewe na kijana wake, wakapima, na kesho yake akanitumia karatasi ya bei. Ninakunakilia kama ilivyo.

Kitambaa kizito, upana sentimita 280, kila mita 38,000. Sebuleni dirisha kubwa (upana mita 2.4) mita 9, sebuleni dirisha dogo (mita 1.2) mita 5, chumba chetu (mita 1.5) mita 6, chumba cha watoto (mita 1.2) mita 5; tao la kuingilia mezani mita 6. Jumla mita 31, sawa na 1,178,000. Shiya mita 31 kwa 22,000, sawa na 682,000. Fimbo pacha (ya pazia na shiya pamoja) 5 kwa 120,000, sawa na 600,000. Ushonaji na pete, mita 62 kwa 8,000, sawa na 496,000. Usafiri na kufunga 150,000. Jumla kuu 3,106,000.

Alikuwa na kitambaa kingine cha 28,000, upana uleule, nikakishika nikaona si kibaya. Akacheka, akasema kile ni cha wapangaji. Shangazi, niliona haya nikakirudisha.

Baba Shamim alipoiona karatasi aliuliza kama pazia hizo zina injini. Amesema yeye anatoa laki sita, hapo amefika. Mimi kikundi chetu cha akiba kinanigawia mwezi huu 1,500,000, ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya ada ya shule. Mwenye duka yuko tayari nilipe nusu sasa, iliyobaki nimalize kwa miezi mitatu. Nimefikiria nimwambie mume wangu kwamba nimepatana mpaka laki sita, hiyo nyingine nilipe mwenyewe polepole.

Wengine wananiambia pazia lisizidi kodi ya mwezi mmoja. Dada yangu naye ameona soko la Owino kitambaa cha 15,000 kwa mita, upana 150, anasema ninunue hicho nimalize maneno. Fimbo za zamani ninazo mbili, kila moja inapita kidogo mita moja na nusu. Dirisha kubwa la sebule linatazama magharibi, barabarani. Lile dogo linatazama ukuta wa jirani. Chumba chetu kiko mashariki.

Je, mtu mwenye akili anatumia kiasi gani kwenye pazia? Na rangi gani? Mama mkwe anapenda nyeupe.

Mama Shamim, Kyaliwajjala

*

Waaleikum salaam Mama Shamim,

Ahsante kwa kuninakilia karatasi nzima. Wengi huniandikia jumla tu, halafu wanataka niseme kama ni ghali. Jumla haisemi kitu mpaka uone mita zimetoka wapi, na mita za karatasi yako zina mambo ya kuzungumza.

Kwanza nikuondolee hilo la kodi ya mwezi mmoja. Nimelisikia sana na sijui nani alilianzisha. Kodi inapimwa kwa mtaa, kwa barabara, kwa maji kutoka kila siku au mara mbili kwa wiki. Dirisha halijui lolote kati ya hayo. Ukihamia chumba cha laki tatu chenye dirisha la mita 2.4, utahitaji kitambaa kilekile. Kwa hiyo tuiache kodi, twende kwenye kipimo.

Dirisha lako kubwa lina mita 2.4. Fimbo hupita ukingo wa dirisha kwa sentimita 15 kila upande, basi ni mita 2.7. Pazia la pete, lile ambalo fimbo inapita ndani ya matundu ya chuma, linataka kitambaa mara mbili ya fimbo ili lipate mikunjo mizuri. Hiyo ni mita 5.4, ongeza pindo za pembeni na nafasi ya kukosea, nunua 6. Mwenye duka ameandika 9. Amezidisha mara tatu, na amefanya hivyo kwenye kila dirisha. Mara tatu inafaa shiya nyepesi sana inayopepea, au marinda ya kubanwa na kushonwa kichwani. Kitambaa kizito ukikijaza mara tatu kwenye fimbo, hata ukilifungua pazia lote linabaki limejirundika pembeni na kula kioo. Utakuwa umelipa zaidi ili upate mwanga kidogo.

Kwa hesabu hiyohiyo, dirisha dogo la sebule linataka mita 3 na nusu, si 5. Chumba chenu mita 4, si 6.

Halafu tao. Mama Shamim, tao halina kioo, halina jua, halina mpita njia. Limewekwa pale kwa sababu mtu alikuwa na tepu mkononi na akaona uwazi mwingine wa kupima. Mita 6 za kitambaa, mita 6 za shiya, fimbo pacha na ushonaji wake: hapo pekee kuna 576,000. Futa.

Na shiya je? Shiya ni ya kuzuia macho ya watu mchana huku mwanga ukiingia. Dirisha linalotazama barabara linaihitaji kweli. Lile dogo linatazama ukuta wa jirani, kwa maneno yako mwenyewe. Nani atachungulia hapo? Ukuta? Watoto nao hawana cha kuficha mchana, wako shuleni. Kwa hiyo shiya yako ni ya dirisha moja, mita 6, na fimbo pacha yako ni moja tu.

Sasa tufike kwenye kitambaa cha wapangaji. Nimecheka, kisha nikakasirika kidogo kwa niaba yako. Wewe ni mpangaji! Mimi pia ni mpangaji, na huenda yeye mwenyewe analipa kodi ya duka kila mwezi. Neno hilo ni la biashara: linasemwa ili mkono wako urudi kwenye kile cha 38,000, na ulirudi. Wewe uliyekishika ulikiona si kibaya. Mkono wako naamini kuliko mdomo wake. Rudi ukakijaribu vizuri. Kibane kwenye kiganja uhesabu mpaka kumi, ukiachie: kikibaki na makunyanzi kama karatasi, kitakutesa kwa pasi kila ukikifua. Kinyanyue mbele ya mlango wa duka uone nje: kama unaona sura za wapita njia, ni chepesi mno kwa usiku taa ikiwaka ndani. Lowesha pembe ya leso nyeupe, sugua: rangi ikihamia kwenye leso, itahamia pia kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Kikipita hapo, omba wakukatie kipande kidogo, uende nacho nyumbani ukiweke kwenye lile dirisha la magharibi saa kumi jioni. Rangi ya dukani chini ya taa na rangi ya sebuleni kwako jua likiingia ni vitu viwili.

Hilo la magharibi nilitilie mkazo. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, jua linatua karibu saa ileile mwaka mzima na upande uleule. Hakuna msimu ambao dirisha lako litapumzika. Kuanzia saa nane hivi mpaka magharibi linapigwa, Januari kama Julai. Kitambaa cha rangi kali hapo kitapauka kwenye mikunjo ya mbele na kubaki na rangi yake kwenye mikunjo ya ndani, kikawa na mistari usiyoinunua. Ndiyo maana sikupeleki kwenye kitambaa cha bei kubwa: jua la Kyaliwajjala haliulizi bei ya mita.

Na kile cha dada yako cha 15,000? Hapa watu wengi hukosea, na dada yako ana haki ya kukosea kwa sababu bei inavutia. Angalia upana. Kitambaa cha sentimita 280 kinalazwa kwa ubavu: ule upana ndio unakuwa urefu wa pazia, toka fimbo mpaka sakafuni, na wewe unanunua mita kulingana na upana wa dirisha tu. Cha sentimita 150 hakifiki sakafuni ukikilaza hivyo, lazima kisimamishwe, vipande viungwe. Dirisha lako kubwa linataka upana wa mita 5.4, yaani vipande vinne vya 150. Kila kipande, ukiweka pindo la juu na la chini, ni karibu mita 2.75. Vinne ni mita 11. Mara 15,000 ni 165,000. Kile cha 28,000, mita 6, ni 168,000. Umeokoa 3,000, halafu fundi anakuhesabia ushonaji wa mita 11 badala ya 6, na pazia lina mishono ya kuunga inayoonekana jua likipiga. Mwambie dada ahsante.

Owino usiidharau, lakini, kwa jambo jingine. Kwenye mitumba kuna mapazia yaliyoshonwa tayari, mazito, yenye bitana, ya vitambaa ambavyo vikiwa vipya usingeuliza bei yake. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mitumba itazuiwa, na belo bado zinafunguliwa. Tatizo ni kwamba ukipata moja zuri hupati mwenzake. Kwa dirisha la chumba, ambapo pande mbili si lazima zifanane kabisa, inafaa. Kwa sebule yenye madirisha mawili utazunguka mpaka Idi ipite.

Sasa nije kwenye sentensi ambayo uliiandika kwa haraka na ndiyo nimeirudia mara nyingi. Umesema Baba Shamim akirudi alfajiri analala na lesu lako usoni kuzuia mwanga. Chumba chenu kiko mashariki. Jua letu hapa linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, yaani mtu anaweka kichwa kwenye mto na dakika chache baadaye chumba kizima kinawaka. Halafu jioni anashika usukani wa lori kuelekea Elegu, usiku kucha.

Mama Shamim, pazia la kwanza katika nyumba hiyo ni la chumba hicho. Si la sebule. Karatasi ya mwenye duka imekipa chumba chenu kitambaa kilekile cha sebule pamoja na shiya, kitu ambacho mtu anayelala mchana hakihitaji hata kidogo. Anachohitaji ni bitana. Nunua kitambaa mita 4, na bitana nzito mita 4 za kushonwa nyuma yake. Ukiuliza Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa mjini, utapata aina nyingi, na mimi nimekadiria 15,000 kwa mita. Fimbo iwe moja, ndefu kuliko dirisha kwa sentimita 15 kila upande au hata 20, ifungwe juu ya dirisha kwa kiasi cha kiganja kimoja, na pande mbili zipishane katikati kwa upana wa mkono. Mwanga hauingii kupitia kitambaa peke yake, unaingia pembeni na juu. Ukimaliza hapo, lifunge pazia saa tano asubuhi, uingie chumbani uone kama unaweza kusoma maandishi ya karatasi bila taa; ukishindwa, kazi imefanyika.

Mtu aliyesema pazia zina injini atalala mpaka adhuhuri bila lesu usoni. Mazungumzo ya pesa yafanyike baada ya usingizi huo, usiyafanye leo.

Hesabu yangu basi, kwa bei zilezile alizoandika mwenye duka, isipokuwa kitambaa tumechukua cha 28,000. Sebule: kitambaa mita 9 na nusu ni 266,000, shiya mita 6 ni 132,000, fimbo pacha moja 120,000, ushonaji wa mita 15 na nusu ni 124,000. Dirisha dogo litumie fimbo yenu ya zamani, inatosha kabisa. Inunulie kopo dogo la rangi ifanane na mpya. Hapo ni 642,000. Chumba chenu: kitambaa 112,000, bitana 60,000, fimbo moja nimeiweka 70,000, ushonaji wa kitambaa na bitana 64,000. Hapo ni 306,000. Watoto: fimbo ya pili ya zamani, na mapazia yenu yaleyale yanayoishia katikati ya kioo. Yaongezewe chini kipande cha kitenge, sentimita 50 au 60, chenye rangi wanazozipenda wenyewe; 30,000 itamaliza kazi. Kufunga, tafuta fundi wa mtaani mwenye drili, 50,000. Jumla ni 1,028,000.

Laki sita anatoa Baba Shamim. Wewe unaongeza 428,000 kutoka kwenye mgao wako, na 1,072,000 inabaki kwenye ada ilikokuwa imekusudiwa. Tofauti na karatasi ya kwanza ni zaidi ya milioni mbili, karibu kodi ya miezi mitatu. Na kumbuka sijapatana na mwenye duka hata shilingi kwenye bei ya mita, nimepunguza mita na kuchukua kile kitambaa cha 28,000. Ukienda kupatana, utashuka zaidi. Uliza pia kama bei ni pamoja na VAT ya asilimia 18 na risiti, maana kuna bei ya mdomoni na bei ya kwenye risiti, na utaijua ya pili ukiwa umeshatoa pesa.

Kama hata hiyo ni nzito mwezi huu, chumba chenu na dirisha kubwa vinakwenda kwanza. Lile dogo linalotazama ukuta linaweza kusubiri mpaka baada ya Idi likiwa na pazia lake la zamani. Nunua kitambaa chake pamoja na cha dirisha kubwa, lakini, hata kama hutakishona sasa. Robota jipya la rangi ileile mara nyingi halifanani na lililokwisha, na utaligundua hilo yakiwa yametundikwa pamoja.

Kuhusu mkopo wa miezi mitatu na hadithi ya kumwambia mume kwamba umepatana mpaka laki sita. Sitakuhubiria. Nitakuuliza tu: mwenye duka akija kudai salio, atakuja saa ngapi? Mchana, saa za kazi. Na mchana nani yuko nyumbani amelala? Deni la aina hiyo halifichiki kwenye nyumba yenu, ratiba yenyewe haikuruhusu. Tena Mama Joel anaijua bei, duka ndilo alilonunulia yeye, na wanawake wa mtaa mmoja wanazungumza. Mwonyeshe mumeo karatasi mbili, ile ya 3,106,000 na hii. Mwanamume aliyeona milioni tatu halafu akaona milioni moja, na akaona kwamba chumba chake ndicho cha kwanza, huwa ni mtu mwingine kabisa. Mgao wa kikundi ni wako na unaweza kuutumia mbele ya macho yake.

Mambo ya fundi nayapitia haraka, maana hapo ndipo vitambaa vizuri huharibika. Pimeni kwa tepu ya chuma, si kwa mkono wala kwa utepe wa cherehani uliovutika. Kitambaa kikiwa na pamba, kilowekwe na kukaushwa kabla hakijakatwa, vinginevyo kitapanda baada ya kufuliwa mara ya kwanza na utarudi kwenye mapazia ya katikati ya kioo. Pete za kila upande ziwe idadi ya shufwa. Zikiwa witri, ukingo mmoja utageukia sebuleni badala ya ukutani na utaona tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Fimbo ya mita 2.7 iwe na mshikio wa tatu katikati, la sivyo itapinda. Muombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa, na mwambie fundi kwamba juu ya dirisha kuna linta ya zege. Aje na drili ya kupiga, si ile ndogo.

Jambo moja msimamie fundi ukiwa umesimama pale. Upana wa 280 ukitoa urefu wa mita 2.5 zinabaki sentimita 30. Atataka kuzikata. Mkataze! Sentimita 10 zikunjwe juu, 20 zikunjwe chini ndani ya pindo. Wewe ni mpangaji, siku moja utahama, na nyumba ijayo inaweza kuwa na dari ndefu kuliko hii. Utafumua pindo na kupata urefu bure. Mwenye nyumba yake mwenyewe anaweza kukata apendavyo. Hili ndilo jambo moja ambalo pazia la mpangaji linapaswa kushonwa tofauti.

Rangi. Mama mkwe anapenda nyeupe, na mwanamke anayetoka Arua analijua vumbi vizuri, kwa hiyo ataelewa. Barabara yenu ikiwa ni ya murram, isiyo na lami, dirisha la magharibi litavuta vumbi jekundu kila gari likipita, hasa Desemba mpaka Februari na ile miezi ya katikati ya mwaka mvua ikikatika. Kitambaa kizito kiwe cha rangi ya udongo, ya mchanga au ya kahawia iliyopauka, ambayo jua na vumbi hazitaionea sana. Nyeupe mpe mama mkwe kwenye shiya: ni nyepesi, unaivua asubuhi, unailoweka bila kuisugua, na jioni imeshakauka na kurudi kwenye fimbo.

Na uende kwa fundi mapema. Wiki ya mwisho kabla ya Idi cherehani zote zina kanzu na gomesi za watu, na pazia lako litawekwa chini ya meza. Mpe arubuni nusu tu, iliyobaki aipate pazia likiwa limetundikwa.